Moja na Moja Inapokuwa Nne

Kuna swali katika fizikia ya kidato cha sita ambalo nalisubiri kila mwaka, na nikiona darasa linataka kulipita nalirudisha mwenyewe. Linakuja nikishaandika ubaoni kwamba mwanga kutoka mianya miwili, pale unapokutana vizuri, unakuwa mkali mara nne ya mwanga wa mwanya mmoja. Wengi wananakili kwenye daftari na kuendelea. Halafu mmoja, kwa kawaida yule asiyesema sana, anainua mkono: "Mwalimu, mianya si ni miwili? Hiyo nne imetoka wapi?"

Nafundisha Temeke, asubuhi shuleni, jioni twisheni, na wanafunzi wangu wengi ni wa PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati. Nasema bila kusita kwamba aliyelijibu swali hilo kwa akili yake mwenyewe ameshaielewa mada nzima ya kuingiliana kwa mawimbi ya mwanga. Asiyelijibu anaweza kukokotoa nafasi kati ya mistari ya mwanga na giza inayotokea, akapata alama zote, na bado asijue mwanga umefanya nini pale ukutani.

Mimi mwenyewe nilifundishwa jambo hili kwa chaki. Mwalimu wetu alichora mianya, akachora ukuta, akatupa kanuni: nafasi kati ya mstari mmoja wa mwanga na unaoufuata ni urefu wa wimbi zidisha kwa umbali wa ukuta, gawanya kwa umbali kati ya mianya. Ni kanuni nzuri na haijawahi kuniangusha. Lakini mistari yenyewe niliiona kwa macho yangu baadaye sana, Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ndani ya maabara, kwa taa ya sodiamu, ile yenye mwanga wa njano wa nanomita 589. Nilipoweka jicho kwenye darubini ndogo, kilichonishangaza zaidi ni weusi. Kati ya mstari wa njano na mwenzake palikuwa peusi kabisa, ilhali mwanga wa mianya yote miwili ulikuwa unafika pale pale. Toka siku hiyo nimeshikilia kwamba mwanafunzi auone kwanza weusi ule, kanuni ije baadaye.

Vifaa vya kiwandani vya kazi hii havipatikani kila mahali, ila vinatengenezeka. Nenda kwa fundi wa vioo umwombe kipande kilichobaki, upana wa vidole viwili unatosha. Kipitishe juu ya moto wa kibatari mpaka upande mmoja uwe na masizi meusi yaliyoenea sawasawa. Chukua nyembe mbili mpya, zibananishe ubavu kwa ubavu, makali yakiwa usawa mmoja, uzifunge kwa seloteipu. Wembe wa kawaida una unene wa karibu milimita 0.1, kwa hiyo makali hayo mawili yataachana kwa kiasi hicho hicho. Weka rula juu ya masizi, vuta nyembe mara moja tu, kwa mkono mwepesi, na usirudie. Ukikiinua kioo kuelekea dirishani utaona kama unywele mmoja wa mwanga. Ukikitazama kwa lenzi utaona ni mikwaruzo miwili.

Kalamu ya leza nyekundu inauzwa Kariakoo, na kwenye lebo yake mara nyingi imeandikwa nanomita 650. Kibanio cha kuanikia nguo kinashika kitufe ili mikono yako iwe huru. Leza ikae juu ya dawati, kioo mbele yake, ukuta uwe mita 2 kutoka kwenye kioo. Na jambo hili nalisema kila mara kwa sauti ya juu kabla ya kuiwasha: leza haielekezwi jichoni mwa mtu, wala kwenye kitu kinachong'aa ambacho kinaweza kuirudisha jichoni.

Tunafanya jioni, giza likishaingia, madirisha yamefunikwa kwa kanga. Doa jekundu la leza linapopita kwenye mikwaruzo halibaki doa. Linafunguka kuwa safu ya mistari, mwekundu, mweusi, mwekundu, mweusi, imelala ukutani kama sentimita kadhaa. Wanafunzi huwa wananyanyuka kwenye viti bila kuambiwa. Msichana mmoja aliwahi kwenda hadi ukutani akaweka ncha ya kidole kwenye mstari mweusi, akakiangalia kidole chake, akasema, "Hapa hakuna kitu." Kisha akakisogeza kidogo pembeni, kucha ikawa nyekundu. Alirudia hivyo mara kadhaa, nami nikamwacha, kwa sababu pale alikuwa anasoma kitu ambacho ubao usingeweza kumpa.

Kupima hakuchukui muda. Kutoka mstari wa kwanza wa mwanga hadi wa tano kuna nafasi nne, na rula ya shule inaonyesha sentimita 5 na ushei. Gawanya kwa nne unapata karibu milimita 13. Kanuni ya ubaoni nayo, kwa nanomita 650, mita 2 na milimita 0.1, inatoa milimita 13. Darasa hufurahi sana hapo, na mimi hufurahi nao, lakini siwaachi waondoke. Nafasi ya mistari ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni ukali wake, na huko ndiko liliko lile swali la nne.

Mwanga ni wimbi, na wimbi lina kimo. Mawimbi mawili yakikutana mahali pamoja, vinavyojumlishwa ni vimo. Kilele kikikuta kilele, kimo kinakuwa kikubwa. Kilele kikikuta bonde, vinafutana. Lakini jicho halioni kimo, linaona ukali, na ukali wa wimbi ni kimo kikizidishwa kwa chenyewe. Aliyekulia Kigamboni anajua jambo hili kwa mwili wake: wimbi la bahari lenye kimo mara mbili linakusukuma kwa nguvu kupita mara mbili, maana nishati iliyomo ni mara nne.

Basi nachukua namba ndogo. Kila mwanya ulete wimbi la kimo 2. Mwanya mmoja peke yake unatoa ukali wa 4. Mianya miwili ikifunguliwa, pale vilele vinapolingana kimo ni 4 na ukali ni 16. Pale kilele kinapokutana na bonde kimo ni sifuri na ukali ni sifuri. Hapo yule asiyesema sana anarudi na swali lake likiwa kali zaidi, na ana haki: mianya miwili ya ukali wa 4 ilitakiwa kutupa 8. Tumepata 16. Nishati haiumbwi. Hizo 8 za ziada ni za nani?

Zamani nilikuwa nalijibu hili kwa hesabu ya wastani wa kosaini mraba, ambayo ni sahihi. Siku hizi natumia mkasi. Tunachora grafu ya ukali kwenye karatasi ya manila, kubwa, kutoka sifuri hadi 16, milima na mabonde ya mistari kama minne hivi. Tunapiga mstari mlalo kwenye 8. Kisha mwanafunzi mmoja anakata kilele cha mlima kimoja, kile kipande chote kilicho juu ya mstari wa 8, anakigeuza kichwa chini, anakishusha kwenye bonde la jirani. Kinaingia. Kinajaa kingo kwa kingo, bila kubaki uwazi na bila kuzidi. Akifanya hivyo kwa kila kilele, grafu nzima inakuwa tambarare kwenye 8, ambayo ni 4 na 4.

Hilo ndilo jibu. Mstari wa mwanga umepata 8 za ziada kutoka mstari wa giza ulio jirani yake. Giza lile lililomshangaza yule msichana halikuua mwanga. Mwanga uliotakiwa kuwa pale umehamia hatua chache pembeni, milimita 6 na nusu kutoka kwenye kidole chake. Hakuna kilichopotea wala kuongezeka, ila mgawanyo umebadilika. Katika miaka yangu ya kufundisha sijaona maelezo ya maneno yanayofanya kazi ambayo kile kipande cha manila kinafanya kinapoingia kwenye bonde.

Huwa kuna mbishi, na ni vizuri awepo. Anawasha tochi za simu mbili, anazielekeza ukutani zikipishana, anasema: mbona hapa sioni mistari? Mbona hapa mbili ni mbili? Nampongeza, kwa sababu amefika kwenye sharti ambalo wengi hulikariri bila kujua kazi yake. Mwanga wa taa hutolewa na atomu chungu nzima, kila moja ikianza na kuacha kwa wakati wake, na mpangilio wa vilele hubadilika katika muda ulio mfupi kuliko sehemu moja ya milioni mia ya sekunde. Kwa hiyo tochi ya kwanza na ya pili hazina makubaliano yoyote. Mahali penye 16 sasa hivi patakuwa na sifuri punde tu, na jicho, lisiloweza kufuata kasi hiyo, linaona wastani. Wastani ni 8. Tochi mbili zinatupa 8 kila mahali, na mianya miwili inayolishwa na leza moja inatupa 16 hapa na sifuri pale, wastani ule ule. Ndiyo maana mianya yote miwili lazima ipate mwanga wake kwenye chanzo kimoja: kilele kikichelewa, kinachelewa kwa mianya yote miwili.

Thomas Young, daktari wa Uingereza aliyezaliwa 1773, alilielewa sharti hilo bila leza wala sodiamu. Katika mhadhara wake wa Novemba 1803 alieleza jinsi alivyopitisha mwanga wa jua kwenye tundu dogo dirishani, akaweka kikadi chembamba, chini ya milimita moja, katikati ya mwali ili kiugawe mara mbili. Ndani ya kivuli cha kikadi aliona mistari. Alipozuia mwanga wa upande mmoja kwa kipande kingine, mistari ya ndani ya kivuli ikatoweka, ingawa upande wa pili ulikuwa bado unapitisha mwanga wake wote. Napenda hatua hiyo ya kuzuia upande mmoja kuliko kitu kingine chochote alichofanya. Ameondoa mwanga, na sehemu zilizokuwa na giza zikapata mwanga! Alishambuliwa vikali magazetini na watu walioshikilia mafundisho ya Newton kwamba mwanga ni chembe, na ilichukua miaka kabla hoja yake haijakubalika.

Sasa turudi kwenye kioo cha masizi, kwa sababu si kila kioo hutoka vizuri, na vile visivyotoka vizuri nimejifunza kuvitunza. Wembe mmoja ukitangulia kidogo kuliko mwenzake, mkwaruzo mmoja hutoka safi na mwingine hubaki na masizi. Ukikimulika kioo hicho kwa leza, mistari ipo, nafasi ni zile zile za milimita 13, lakini pale penye giza pana wekundu hafifu. Mwanafunzi anayejua kanuni ya nafasi pekee hana la kusema hapo. Anayejua vimo anajibu mara moja. Tuseme mwanya safi una kimo 3 na ule wenye masizi una kimo 1. Vikisaidiana ni 4, ukali 16. Vikipingana ni 2, ukali 4. Giza halijakamilika kwa sababu wimbi dogo haliwezi kulifuta lote kubwa. Na mkasi bado unakubali: wastani wa 16 na 4 ni 10, ambayo ni 9 jumlisha 1, ukali wa kila mwanya ukiwa peke yake.

Mtihani unalipenda sana hili. Swali linasema ukali wa mwanya mmoja ni mara tisa ya mwingine, tafuta uwiano wa mstari mkali kabisa na ule hafifu kabisa. Anayejumlisha ukali moja kwa moja anapata 10 kwa 8. Jibu ni 4 kwa 1, kwa sababu lazima kwanza uteremke kutoka kwenye ukali hadi kwenye kimo kwa kipeuo cha pili, 3 na 1, ujumlishe na kutoa huko chini, ndipo upande tena. Teremka, jumlisha, panda. Maneno hayo matatu nayaandika pembeni ya ubao na hayafutwi muhula mzima.

Kitu kingine ambacho ukuta unakisema na grafu ya kitabu mara nyingi haikisemi: mistari ya pembeni ni hafifu kuliko ya katikati. Kwenye grafu yetu ya manila milima yote ina urefu mmoja. Ukutani inapungua, inapungua, na mahali fulani inakosekana kabisa kisha inarudi ikiwa dhaifu. Hapo kinachoonekana ni upana wa mwanya wenyewe. Kila mkwaruzo una upana wake, na mwanga unaotoka sehemu moja ya mkwaruzo unakutana na ule wa sehemu nyingine ya mkwaruzo huo huo na kufutana kwenye pembe fulani. Mwanya ukiwa na upana wa theluthi moja ya umbali kati ya mianya, mstari wa tatu kila upande haupo. Nawaambia wanafunzi wasiione kama dosari ya kazi yetu ya mkono. Waitumie kupima upana wa mkwaruzo, ambao rula haiwezi.

Utando wa sabuni nao una nafasi yake. Pinda waya uwe duara, chovya kwenye maji yenye sabuni ya vyombo, ushike wima mbele ya dirisha. Rangi zinapangika kwa mistari mlalo na kushuka taratibu kadiri maji yanavyoteremka, na muda mfupi kabla ya kupasuka, sehemu ya juu inakuwa nyeusi. Wengi hudhani pametoboka. Utando bado upo, umekuwa mwembamba mno. Mwanga unaorudi kutoka uso wa mbele hupinduliwa, kilele kuwa bonde, na unaorudi kutoka uso wa nyuma haupinduliwi. Unene ukikaribia sifuri hakuna tena tofauti ya safari kati yao, kinachobaki ni kule kupinduliwa tu, na vinafutana. Mwanga usiorudi kwetu umepita upande wa pili. Ni hesabu ile ile ya manila, ila safari hii kilele kimehamia nyuma ya utando.

Na kutoka hapo ndipo nawaingiza kwenye lenzi. Kijana mmoja wa twisheni alivaa miwani iliyokuwa ikitoa mng'ao wa kijani ukiitazama kwa ubavu, akaniuliza kama rangi ile ni pambo. Siyo pambo. Miwani ya siku hizi hupakwa matabaka kadhaa membamba ili mwanga usirudi, lakini hesabu ni rahisi zaidi kwenye lenzi za kioo zilizopakwa tabaka moja la magnesiamu floraidi, kama nyingi za kamera za zamani. Kioo kitupu hurudisha karibu asilimia 4 ya mwanga kwenye kila uso. Tabaka hilo lina unene wa karibu nanomita 100, robo ya urefu wa wimbi la kijani ndani yake, kwa hiyo wimbi linaloingia na kurudi linachelewa kwa nusu wimbi, na linakutana na lile lililorudi juu likiwa kinyume chake. Nyuso zote mbili hupindua, hivyo kupinduliwa hakubadilishi kitu.

Basi kwa nini lenzi hiyo bado inarudisha mwanga kidogo, wenye uzambarau? Nilimpa yule kijana namba. Uso wa juu unarudisha kimo cha 0.16 na wa chini kimo cha 0.05, pale wimbi linaloingia lina kimo cha 1. Aliteremka, akatoa, akapata 0.11, akapanda, akapata takriban 0.012. Asilimia 1 na kidogo, kutoka 4. Ni kioo chetu chenye masizi kwenye mkwaruzo mmoja: vimo havilingani, giza halikamiliki. Ili kulingana, tabaka lingehitaji kipeo cha mpindo, yaani namba inayoonyesha kitu kinaupinda mwanga kiasi gani, cha 1.23, na magnesiamu floraidi ina 1.38. Na uzambarau unatoka pale ambapo unene umepimwa kwa ajili ya kijani: wekundu na bluu, ambao urefu wa mawimbi yao ni tofauti, havifutiki vizuri, vinarudi pamoja. Kijana akavua miwani, akaishika chini ya balbu, akaanza kuuliza ni tabaka ngapi zingehitajika ili na hizo rangi mbili zisirudi.